Bandeji ya Da Rehema

Euless, Texas
Jumamosi, Novemba 2019

Kumepoa leo. Upepo wa kaskazini umeingia tangu alfajiri, mbingu imekuwa nyeupe tupu, na ndege zinapita chinichini juu ya paa letu kama kawaida. Nimejilaza kwenye kochi, mguu wa kulia juu ya mito miwili, laptop tumboni. Jikoni kuna mtu anakatakata vitunguu. Ni dada yangu mkubwa, da Rehema. Amekuja kutoka Stafford, kule Houston, kuniuguza.

Yeye ananiuguza, mimi namchunga.

Jana nimetolewa nyuzi. Nilikuwa na nundu ubavuni mwa kidole gumba cha mguu, ile ambayo Wamarekani wanaiita bunion. Daktari ameukata mfupa, akaunyoosha, akaufunga kwa skrubu. Nundu haipo tena. Mahali pake pana kovu jekundu, refu kama kidole chenyewe, na mguu mzima umeumuka kama andazi. Nautazama nikijiuliza kama nilifanya vyema. Daktari anasema uvimbe utachukua miezi kuisha. Kwa hilo namwamini, kwa sababu si maneno ya kumfurahisha mgonjwa.

Bakari, mume wangu, husema nilizaliwa na shaka kama wengine wanavyozaliwa na alama usoni. Nasoma tarehe ya maziwa, kisha nayanusa vilevile. Nikipewa kitu kwa bei ya chini, nauliza kina kasoro gani. Basi si ajabu kwamba kwa mwaka mzima na zaidi nilimshuku dada yangu wa tumbo moja. Ajabu ni kwamba nilimshuku kosa dogo, na kosa lenyewe lilikuwa kubwa.

Da Rehema anajua kwamba naandika haya. Amesema andika, ila usiutaje msikiti wetu.

Hii nundu ni ya nyumba yetu. Mama alikuwa nayo miguu yote miwili, na viatu vyake vyote vilikuwa vimepanuka upande mmoja. Alifariki Mombasa nikiwa na miaka minane. Sisi wadogo tuliambiwa alifanyiwa operesheni ya kizazi, akatoka damu nyingi. Baba alilisema mara moja tu, hakulirudia, na katika nyumba yetu ukimwona Baba hataki jambo, huulizi.

Da Rehema alikuwa ndiyo kwanza amemaliza shule. Ndiye aliyetulea, mimi na kaka yetu Swaleh. Alinisuka, alinichapa, alinifunza kukanda unga. Baadaye akaolewa na shemeji Kassim, wakaja Texas, na miaka kadhaa mbele nami nikafuata na Bakari, tukaangukia huku Euless karibu na airport. Ninaposema mimi simwamini mtu, yeye sikuwa nikimhesabu. Yeye alikuwa ni yeye.

Mwanzoni mwa 2018 akanipigia simu.

"Maimuna, wanakwenda kunichonga mguu."

Alikuwa akicheka, lakini kicheko kilikuwa cha juujuu. Da Rehema anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee, anasimama na kuinua watu kutwa. Nundu yake ilikuwa imefika mahali ambapo akifika nyumbani anakaa chini pale pale mlangoni kabla ya kuvua kiatu. Daktari mmoja wa Houston alikuwa amempangia siku.

Nikachukua likizo yangu yote ya mwaka ule, nikapanda basi kwenda kumuuguza. Nilifika jioni ya siku ya operesheni yenyewe. Nikamkuta kitandani, mguu wa kulia umefungwa bandeji nene mpaka kifundoni, na kando ya kitanda kiatu kile kikubwa cha plastiki wanachopewa waliovunjika. Alinitazama, machozi yakamtoka. Nikadhani ni maumivu. Nikambusu paji la uso, nikaenda jikoni.

Nilipika wiki ile kama anayepikia harusi. Nilifua, nilideki, nilimpelekea uji kitandani. Wanawake wa msikitini kwao nao walikuwa hawaishi kugonga mlango, huyu na biriani, huyu na mahamri, huyu na kuku wa kupaka. Da Rehema alikuwa akila amejiegemeza, akifumba macho. Tangu nimjue sikuwahi kumwona akila chakula asichokipika yeye.

Lakini kulikuwa na mambo.

Bandeji ilikuwa ikibadilishwa na shemeji Kassim, chumbani, mlango umefungwa. Kassim ni dereva wa malori, mtu mwema, lakini kikombe chake mwenyewe haoshi. Leo amekuwa nesi? Nilipotaka kumsaidia, da Rehema alisema kidonda kinatisha, sitaki ukione.

Kisha chupa ya dawa za maumivu. Niliiinua nikifuta meza, ikawa imejaa mpaka shingoni.

Kisha ndara. Siku moja nilitoka dukani, nikaingia msalani, nikakuta ndara zake za bafuni zimeloa. Zote mbili.

"Da, mbona ndara zote zimeloa?"

"Kassim alizivaa."

Mguu wa Kassim hauingii hata nusu kwenye ndara zile. Nikajiambia dada yangu ni mkaidi, anasimama anapokatazwa, anaona haya kuniambia. Nikarudi Euless na shaka yangu ndogo, nikaisahau karibu kabisa.

Aliporudi kazini, mguu ulikuwa umepona. Alikuwa akitembea vizuri, bila kuchechemea. Akawa hana wimbo mwingine ila yule daktari. Mikono yake ina baraka. Hata sikuhisi kisu, alisema. Kila mwanamke aliyelalamika mguu pale kwao alielekezwa kwa daktari wa da Rehema. Mimi niliona kitu kimoja tu: kila nikienda Stafford, yumo ndani ya soksi. Texas, mwezi wa Julai, soksi.

Mwaka huu zamu ikawa yangu.

Nafanya kazi kwenye jiko linalopika chakula cha abiria wa ndege. Sakafu ni ya saruji, baridi, na viatu ni vyeusi visivyoteleza, vyembamba mbele, lazima uvivae. Nundu yangu ilikuwa imeanza zamani, lakini mwaka huu kidole gumba kiliinama mpaka kikaingia chini ya kidole cha pili. Kile cha pili kikawa kinakaa juu, kinasuguliwa na kiatu, kinatoka kidonda. Usiku shuka likigusa mguu nashtuka.

Nilijaribu kila kitu ambacho watu hujaribu. Nilinunua mtandaoni kifaa cha kunyoosha kidole wakati wa kulala. Picha yao ilionyesha mguu umepinda, na pembeni mguu huo huo umenyooka kama rula. Niliupima kwa macho ule mguu wa pili. Haukuwa hata wa mtu yule yule. Nikakivaa hata hivyo, nikaamka na kidole kimekufa ganzi. Mama Gloriose, Mrundi ninayefanya naye kazi meza moja, alinipa kipande cha mpira laini cha kuweka katikati ya vidole. Hicho kilinisaidia kidogo, na kwa kuwa kilisaidia nikaanza kukishuku: kinanitibu au kinanisahaulisha?

Mwishowe nikampigia da Rehema.

"Da, nimwone daktari wako?"

Akauliza daktari yupi, kana kwamba ana wawili.

"Nenda," akasema. "Nenda, kwani?"

Kliniki yenyewe, sitaki kuitaja, ilikuwa na ukuta mzima wa picha za miguu, kabla na baada. Nilipomwambia dada wa mapokezi kwamba dada yangu alifanyiwa operesheni hapa na amepona kabisa, alitafuta kwenye kompyuta, akaniangalia, akasema, "Yes, she has been here." Hakusema alifanyiwa. Alisema aliwahi kuja. Nililisikia neno lile likapita, nikalikumbuka baadaye sana.

Daktari aliingia, akatazama picha ya mifupa kwenye skrini, akautazama mguu wangu kwa muda mfupi kuliko alivyoitazama simu yake. Akasema ataikata yote miwili siku moja. Kwa nini yote miwili, nikauliza, wa kushoto hauumi. Akasema, ili uwe umemaliza. Kisha akasema nitarudi kazini baada ya wiki mbili tatu.

Wiki mbili tatu, kwenye saruji ile?

Nilitoka nimekunja uso. Lakini dada yangu alikuwa amepona. Nilikuwa nimemwona kwa macho yangu. Nikakubali tarehe ya Septemba, mguu wa kulia peke yake.

Siku chache baadaye nesi wao alinipigia na maswali mengi. Una kisukari? Unavuta sigara? Katika familia kuna aliyewahi kupata shida na dawa ya usingizi?

Nikajibu hapana.

Hapo ndipo da Rehema alipobadilika. Yule aliyekuwa akimsifu daktari kila akifungua mdomo, akaanza kunirudisha nyuma. Subiri joto lipungue, kidonda kitaoza. Subiri mwakani, Bakari atakuwa na nafasi ya kukuangalia. Nikimwuliza sababu anakata maneno, anasema mchele unaungua. Nikimpigia tena hapokei.

Nikakaa na jambo lile nikalizungusha kichwani. Nikafikia hukumu: operesheni yake iliharibika. Ndiyo maana ya soksi. Amelemaa au ana kidonda kisichopona, na anaona aibu kwa sababu ameshawasifia watu wote. Nilimwonea huruma, kisha nikamkasirikia. Mdogo wako anakwenda kwenye kisu kile kile, nawe wamwambia habari za mchele?

Mwezi wa Agosti kukawa na harusi Missouri City, jirani na Stafford, ya binti wa kaka yake Kassim. Siku ya hina nyumba ilijaa wanawake mpaka kwenye ngazi. Bi harusi alikuwa katikati, mikono na miguu imenyooshwa, na sisi wengine tukapangwa kwenye mikeka kusubiri zamu. Ilipofika zamu ya da Rehema, akanyoosha mikono. Mtia hina akamwomba miguu.

"Mikono yatosha," akasema.

"Bi Rehema, wewe ndiwe shangazi!"

"Nimesema yatosha."

Watu walicheka. Mimi nilimtazama.

Alasiri ilipoadhiniwa kwenye simu ya mtu, kila mmoja akatafuta maji. Bafu la chini lilikuwa na foleni. Nilipanda juu, nikaenda mpaka lile la mwisho, la chumba cha wenye nyumba, nikasukuma mlango. Haukuwa umefungwa.

Da Rehema alikuwa amekaa ukingoni mwa beseni la kuogea, gauni limepandishwa magotini, soksi ziko juu ya sinki, anaosha mguu wa kulia.

Nundu ilikuwepo. Pale pale, vile vile, ile ile ninayoijua tangu utotoni. Na ngozi juu yake ilikuwa laini, haina kovu, haina hata alama ya kukwaruzwa na paka.

Maji yalikuwa yanaendelea kutiririka.

"Funga mlango, Maimuna," akasema.

Nikafunga. Nikabaki nimeegemea mlango. Nilikumbuka uji niliompelekea, sakafu niliyodeki. Nilikumbuka biriani za wanawake wa watu.

"Hukupasuliwa."

"Sikupasuliwa."

"Na ile bandeji?"

"Kassim alinifunga. Alinunua duka la dawa."

Nilitaka kucheka na nilitaka kumpiga, sijui kipi kilitangulia. Nikamwambia maneno ambayo sitayaandika. Aliyapokea yote, amekaa vile vile, mguu unachuruzika maji. Nilipoishiwa pumzi ndipo akasema.

Alikwenda, akasema. Alivaa gauni lao, akavishwa kofia ya karatasi, nesi akamchora mguu kwa kalamu. Kisha akaja yule wa dawa ya usingizi, akamuuliza kama kuna mtu katika familia aliyewahi kupata shida nayo. Akajibu hapana. Yule mtu akageuka kuandika. Da Rehema akateremka kitandani, akavaa nguo zake, akamwambia Kassim nipeleke nyumbani.

"Kwa nini? Waogopa sindano?"

"Kwa sababu ya Mama."

"Mama alitoka damu."

Akatikisa kichwa.

"Mama hakutoka damu. Hata hawakuwahi kumkata vizuri. Walimtia dawa ya usingizi, mwili ukawaka moto. Nilikuwa nje, nimeshika nguo zake. Mlango ulifunguka, nikamsikia nesi akisema amekakamaa, amekakamaa, leteni barafu. Waliponiruhusu kumwona alikuwa ameshakufa na bado alikuwa wa moto. Nilimshika mkono, Maimuna. Ulikuwa wa moto kuliko wangu."

Baba ndiye aliyemwambia asiseme. Baba ndiye aliyekuwa amemshikilia Mama aende kwenye operesheni ile, Mama mwenyewe hakutaka. Akamwambia da Rehema, waambie wadogo zako ni damu, watu wote tutawaambia ni damu. Naye akaahidi. Baba amekufa na ahadi ikabaki.

"Na mimi je?" nikamwuliza. "Mimi nina tarehe, da. Nimeulizwa swali lile lile. Nimejibu hapana."

"Nilidhani hutaenda," akasema. "Wewe humwamini mtu. Nikajua utamwona yule daktari, utamkataa, utarudi. Hukurudi."

"Nilikwenda kwa sababu nilikuamini wewe."

Akaanza kulia. Mtu akagonga mlango, anataka kutawadha.

Nilirudi Euless bila kumuaga. Asubuhi yake nikafuta tarehe ya Septemba. Kwa wiki kadhaa sikupokea simu yake. Bakari, ambaye hupenda watu wapatane haraka, alinyamaza safari hii. Siku moja tu aliuliza kwa nini da Rehema aliuendeleza mchezo ule, si angesema tu aliogopa? Nilikuja kumuuliza da Rehema mwenyewe baadaye. Alisema nilikuwa nimeshapanda basi. Alisema bandeji waliifunga kwa aibu, akakusudia kuniambia nikifika, lakini nilimpa uji, akaunywa, akalala mpaka mchana kwa mara ya kwanza tangu aje Marekani, na baada ya hapo hakuweza. Alisema kilichomponya mguu ni mapumziko yale, na baadaye viatu vipana alivyonunua, na soli maalumu alizotengenezewa. Kwa hiyo aliposema amepona hakuwa akidanganya kabisa.

Kabisa. Hilo neno nilimrudishia.

Daktari wa pili nilimtafuta huku huku kwetu. Ni mwanamke wa makamo, ofisi ndogo, ukutani hana picha ya mguu hata mmoja. Alinivua viatu, akanifanya nisimame, nitembee mpaka mlangoni na kurudi. Alitia mkono ndani ya viatu vyangu vya kazi. Kisha akasema tusubiri operesheni kwanza, tujaribu viatu vipana, soli, barafu, na ataandika barua kazini niruhusiwe kiatu kingine.

Nikamshuku papo hapo. Daktari asiyetaka kunipasua anataka nini? Nikamwuliza vile vifaa vya kulalia navyo vinanyoosha mfupa? Akasema havinyooshi, vinaweza kupunguza msuguano na maumivu kwa wengine, lakini mfupa wa mtu mzima haurudi kwa kuvutwa. Na operesheni je, inaponya moja kwa moja? Akasema si lazima. Nundu inaweza kurudi, kidole kinaweza kukauka kisikunje kama zamani, na mguu wa kupendeza kwenye ndara si sababu ya kumkata mtu. Sababu ni maumivu yanayokuzuia kuishi.

Nilivaa viatu vipana mpaka Oktoba. Maumivu ya nundu yenyewe yalipungua, sikatai. Lakini kile kidole cha pili kiliendelea kupanda juu ya mwenzake, na kidonda kikifunga kinafunguka. Da Rehema alipona kwa viatu. Mguu wangu haukuwa mguu wake. Daktari akatazama tena, akasema sasa nikichagua operesheni, hatanizuia.

Hapo nikamweleza habari ya Mama.

Nilimweleza kwa Kiingereza changu, kama da Rehema alivyonieleza. Moto, kukakamaa, barafu. Alikuwa akiandika. Akaiweka kalamu chini.

"Who else knows this?" akauliza. Nani mwingine analijua hili?

Sikupenda uso wake. Akanieleza taratibu kwamba kuna watu ambao miili yao haivumilii baadhi ya dawa za usingizi, hasa zile za gesi. Mwili unawaka na misuli inakaza, na asipojua mtu mapema, anaweza kufa mezani. Jambo hili hutembea katika damu, kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Hawezi kusema kwa hakika kwamba ndilo lililomuua Mama, faili hakuna na miaka imepita. Lakini atanichukulia kana kwamba ninalo. Akaniuliza kama nilishawahi kulazwa usingizi. Nikasema bado. Akasema, basi mshukuru aliyekwambia.

Nilimpigia da Rehema nikiwa bado garini pale nje.

Sikumshukuru. Nilimwambia tu tarehe, na nikamwambia uje. Akasema atakuja. Mtu aliyekimbia meza yake mwenyewe, ambaye harufu ya hospitali inamtoa jasho ingawa kutwa anawaosha wagonjwa, alipanda basi la asubuhi akaja kukaa kwenye chumba cha kusubiria, tasbihi mkononi, mpaka nilipotoka.

Hawakunilaza kwa gesi. Waliufisha mguu ganzi kwa sindano, wakanipa kitu cha kunituliza mshipani, kimoja walichosema ni salama kwa watu wa aina yangu. Kabla ya hapo niliwauliza watu watatu tofauti kama wanajua habari ya Mama. Watatu wote walijua. Nikamwuliza wa nne.

Nilisikia msumeno. Sikuhisi kitu, lakini niliusikia, kama mtu anarekebisha kabati nyumba ya pili.

Jana, siku ya kutolewa nyuzi, nilimwambia da Rehema aingie nami. Hakutaka. Nikamwambia safari hii bandeji itafunguliwa na wewe ukiwepo. Aliingia, akakaa, akajifunika macho kwa pembe ya mtandio. Daktari alipokata bandeji ya mwisho, nikamwona ameushusha mtandio kidogo. Kisha wote. Akasogea karibu. Alilitazama kovu, mshono kwa mshono, kwa muda mrefu.

"Ndilo hili nililokuwa nawasimulia watu," akasema kwa sauti ndogo.

Daktari aliuliza amesema nini. Sikumtafsiria.

Leo mchana ameniletea sahani, akakaa kwenye kiti cha pembeni, amevua soksi. Nyayo zake ziko wazi mbele yangu, nundu mbili. Anatembea vizuri kuliko mimi. Labda mwakani nitamzidi, labda nundu yangu itarudi na tutakuwa sawa. Hakuna anayejua, na anayesema anajua nitamshuku.

"Bado wanishuku?" akaniuliza.

"Ndiyo."

"Mpaka lini?"

Nikamwambia kula, chakula kinapoa.

Lakini kuna jambo ambalo haliwezi kungoja hasira yangu iishe. Wiki iliyopita Swaleh aliandika kwenye kundi la familia kwamba mwezi ujao anafanyiwa operesheni ya ngiri, pale Mombasa. Aliandika kama utani, akatia vichekesho. Swaleh bado anajua ni damu. Wanangu bado wanajua ni damu, na wa da Rehema pia. Niliusoma ujumbe ule nikanyamaza makusudi, nikitaka kuona kama dada yangu atasema mwenyewe. Siku ya kwanza hakusema. Ya pili aliandika, "Mungu akutangulie." Nikakasirika mpaka mguu ukanidunda.

Leo alipokuwa akiondoa sahani, akasimama katikati ya sebule, akaniambia bila kunitazama, "Kesho nampigia Swaleh. Nitamwambia yote, na habari ya Baba nitamwambia. Nikianza kupunguza maneno, nikatize."

Basi tumepanga asubuhi, itakuwa jioni kwao na Swaleh ameshafunga duka. Nimemwambia tutampigia kwa video, sauti juu, simu ikae mezani kati yetu. Hakubisha. Ameenda kujilaza, nami nimebaki na mguu wangu unaofukuta.

Nitamkatiza, nikilazimika. Hilo nimeshaamua. Ninalojiuliza ni jingine: itafika siku nitamwachia dada yangu simu mkononi, nikatoka chumbani bila kusikiliza, nikamfungia mlango?